Jiko la Moshi la Uani: Maswali Yenu, Majibu Yetu

Toleo lililopita tulieleza kwa ufupi namna ya kupika nyama kwa moshi nyumbani, na barua kutoka Malindi na Lamu zimemiminika. Nyingi zinauliza habari za moshi. Majibu yetu yataelemea zaidi kwenye hewa, kwa kuwa moshi ni tokeo tu: ukiweza kuibana na kuifungulia hewa inayoingia chini ya moto, moshi utakutii, ukishindwa, hakuna kuni wala viungo vitakavyokuokoa. Nyuzi zote hapa chini ni za Selsiasi.

Shikamooni mafundi. Nimepata pipa la lita 200 kutoka karakana moja na nataka kulifanya jiko la moshi la kuku na mbuzi, nifanye biashara ndogo ya jioni. Naomba vipimo kamili, maana kila fundi wa kuchomelea hapa ana hesabu zake. (Kijana, Mambrui)

Marahaba. Kabla ya vipimo, uliza pipa hilo lilibeba nini. Lililobeba dawa za shamba, rangi, tindikali au thina, liache hukohuko. Hakuna moto utakaolisafisha ukala chakula chake kwa amani. La mafuta ya kupikia au juisi nzito ndilo bora. La oili ya injini linafaa, ila utatoka jasho zaidi.

Na usilipeleke kwenye grinda wala kwa fundi wa kuchomelea likiwa halijaoshwa. Pipa tupu ni la hatari kuliko lililojaa, kwa sababu mvuke uliobaki ndani umechanganyika na hewa na cheche moja inatosha kulilipua. Fungua vizibo vyote viwili, lioshe kwa maji moto na sabuni mara mbili tatu, kisha lijaze maji hadi karibu na pale panapokatwa. Mfuniko ukate kwa patasi na nyundo.

Baada ya hapo lichome. Toboa kwanza matundu ya hewa ya chini, lijaze kuni kavu, uliwashe mahali wazi mbali na makuti, nawe ukae upande upepo unakotoka, maana moshi wa rangi ni sumu. Saa mbili za moto mkali hutosha. Ukiona ndani bado kuna utando mweupe au wa kahawia unaong'aa, hiyo ni rangi ya kiwandani haijatoka. Rudia, kisha usugue kwa brashi ya waya mpaka chuma kitupu kionekane. Osha, kausha, paka mafuta ya kupikia ndani kote, uwashe tena moto wa wastani, nyuzi 130 hadi 150, kwa saa mbili. Ukuta utakuwa mweusi na mkavu. Huo weusi ndio kinga ya pipa lako, usiusugue tena.

Sasa vipimo. Pipa la kawaida lina kipenyo cha ndani cha sentimita 57 hivi na urefu wa 88. Matundu ya hewa yawe matatu, sentimita 5 kutoka chini, yakigawana mzunguko sawasawa, kila moja na kipande cha bomba la robo tatu inchi. Mawili yatie vizibo vya hesi, la tatu litie koki. Hiyo koki ndiyo utakayoishika siku nzima.

Kikapu cha makaa kiwe cha wavu mzito wa chuma, kipenyo sentimita 40, kimo 25, kikisimama juu ya miguu ya sentimita 8 ili jivu lianguke chini na hewa ipite. Mafundi wengi hukilaza kikapu sakafuni kwa kuokoa chuma. Baada ya saa tatu jivu huziba matundu na moto hufa nyama ikiwa mbichi. Juu ya kikapu, sentimita 45 kutoka chini ya pipa, pitisha nondo mbili zilizokingamana na uweke juu yake karai la kipenyo cha sentimita 40. Karai hukinga mafuta yasidondokee makaa na husambaza joto pembeni. Wavu wa nyama uketi kwenye bolti nne za milimita 8, sentimita 68 kutoka chini. Zitabaki sentimita 20 chini ya mfuniko, ambazo zinamtosha kuku aliyepasuliwa na kulazwa bapa.

Mfuniko ndipo kazi nyingi huharibika. Ukiurudisha ulivyokatwa, utacheza na kuvuja. Mwambie fundi achomelee mkanda wa bati wa sentimita 3 kuzunguka ukingo wake ili umeze mdomo wa pipa kwa nje. Katikati tia bomba la inchi 2, urefu wa sentimita 15 hadi 20, la kutolea moshi. Hilo halifungwi kamwe wakati wa kupika. Joto lidhibiti kwa hewa inayoingia. Ukibana moshi unaotoka unaurudishia nyama lami.

Kuhusu zinki: bomba la maji lililopakwa zinki halina neno pale chini nje ya pipa, kwani halipati joto kubwa, na zinki huyeyuka kwenye nyuzi 419. Lakini kikapu kinakaa na makaa mekundu, kwa hiyo kisiwe cha zinki, na wavu wa nyama usiwe ule wa banda la kuku. Chomelea nondo tupu za milimita 6, ukiacha nafasi ya sentimita 2 kati ya moja na nyingine.

Kuwasha: jaza kikapu makaa baridi, debe moja na nusu hivi, na katikati yake fukia vipande vinne au vitano vya kuni kavu, kila kimoja kama ngumi. Washa makaa 12 hadi 15 kwenye jiko la pembeni, yakishika vizuri yamwage juu katikati. Acha matundu yote wazi. Kipimajoto kikifika 80, funga vizibo viwili. Kikifika 100, bana koki hadi nusu. Usingoje 120 ndipo ubane, kwani kupandisha ni dakika kumi na kushusha ni saa nzima. Kwa mbuzi kaa kati ya 110 na 120. Kwa kuku panda hadi 135, la sivyo ngozi yake itakuwa raba. Kuku wa kisasa wa kilo 1.3 huchukua saa mbili hadi mbili na nusu; anaiva pale paja kwa ndani, karibu na mfupa, linapofika 74. Paja la mbuzi la kilo 2 lihesabie saa tano au sita, hadi 90, kama unataka nyama iachie mfupa.

Kipimajoto chako kipime kwenye maji yanayochemka. Sisi tuko usawa wa bahari, kwa hiyo kionyeshe 100. Usifuate hesabu za mtu wa Nairobi, ambako maji huchemka karibu na 94.

Salaam aleikum. Jiko langu linatoa moshi mwingi mweupe, lakini nyama inatoka nyeusi, chungu, ulimi unawaka. Natumia makumbi ya nazi na magogo ya mkoko ambayo huyaloweka usiku kucha ili yatoe moshi wa kutosha. Je, ni viungo ndivyo vinavyoharibu? (Mama, Shela)

Waaleikum salaam, mama. Viungo havina kosa. Kosa liko kwenye kuloweka.

Kuni iliyolowana haitoi moshi wa kupikia mpaka maji yake yaishe. Wakati huo wote inatoa mvuke na inaupoza moto, na moto uliopozwa hauchomi gesi za kuni zikaisha. Gesi hizo hutoka kama moshi mzito mweupe wenye matone ya lami, ambayo hugandia kwenye chochote kilicho baridi, na nyama yako ndiyo kitu baridi kuliko vyote mle ndani. Jaribu hivi: shika kifuniko cha sufuria, kiwe baridi na kikavu, juu ya bomba la moshi kwa dakika moja. Kikitoka na ute wa kahawia unaonata, usiweke nyama. Moshi unaotakiwa ni mwembamba, karibu hauonekani, wenye kibuluu kwa mbali ukiutazama mbele ya kitu cheusi. Ungoje huo, kwa kawaida ni dakika 30 hadi 45 baada ya kuwasha.

Makumbi hufukuta badala ya kuwaka, kwa hiyo yanatoa moshi mwingi mchafu. Kumbi moja lililokauka kabisa, mwanzoni tu, latosha. Vifuu vya nazi ni kinyume chake: huwaka kwa joto kali na kubakiza kaa safi, changanya kidogo kwenye makaa, usivifanye moto mzima. Mkoko una kaa zito la kudumu, lakini kuukata bila kibali cha KFS, Shirika la Misitu la Kenya, ni kosa, na kwa moshi haupiti miti ya matunda. Tafuta mkwaju, mwembe, mkorosho au mkunazi. Mathenge, ambayo imevamia bonde la Tana na kila mtu anailaani, ni kuni nzuri mno ya nyama nyekundu. Ni jamaa wa karibu wa mesquite, mti wanaousifia watu wa Texas kwa kazi hiihii. Ina nguvu, basi vipande viwili vya ngumi vyatosha. Mvinje una joto jingi na ladha kidogo.

Tusiyoitaka ni hii: mwarobaini, kwa uchungu wake, mbao za msonobari, zina utomvu, plaiwudi na mbao zilizotiwa dawa, na maganda ya korosho, ambayo mafuta yake hubabua ngozi na moshi wake huumiza macho na kifua. Watu wa Lamu tunawaongezea moja: mbao za jahazi kuukuu. Zinavutia kwa ukavu wake, lakini zimenywa sifa, yaani mafuta ya papa, miaka na miaka, na chini ya usawa wa maji zilipakwa rangi ya kuzuia chaza na minyoo, ambayo huwa na shaba na sumu nyingine. Zifanye kiti.

Kuni ipasue vipande, uiinue kutoka ardhini, uifunike juu tu na kuacha pembeni wazi, miezi sita. Ukigonganisha vipande viwili vikalia kavu, tayari.

Na usiseme uchungu ni suala la ladha peke yake. Moshi mchafu na mafuta yanayodondokea moto hutengeneza kemikali za jamii ya benzopirini, zinazohusishwa na saratani. Umoja wa Ulaya tangu 2014 hauruhusu zaidi ya mikrogramu 2 za benzopirini kwa kilo ya nyama au samaki wa moshi. Ndiyo maana jiko la FAO-Thiaroye, lililobuniwa Senegal kwa ajili ya wakaushaji samaki, lina trei ya kukinga mafuta yasiufikie moto. Karai tulilomwambia kijana wa Mambrui linafanya kazi hiyohiyo kwa bei ya karai.

Nimejenga jiko la moshi kwa mawe ya Manda na saruji nzuri. Moto wa tatu tu, chumba cha moto kimeanza kupukutika unga mweupe na jiwe moja limepasuka kwa mshindo. Fundi anasema saruji ilikuwa kidogo. (Msomaji, Langoni, Lamu)

Saruji haina hatia, ingawa nayo haikufaa. Mawe ya Manda ni matumbawe, na matumbawe yakichomwa hugeuka chokaa. Wazee wa Lamu walijenga mji mzima kwa chokaa iliyopatikana kwa njia hiyo. Wewe umejenga tanuri la chokaa bila kukusudia. Uso wa jiwe ulio karibu na makaa ukikaribia nyuzi 800 au 900 hubadilika kuwa chokaa hai, na ukipoa hunywa unyevu wa hewa ya pwani, huvimba na kumeguka. Mshindo ule ni jambo jingine: jiwe lina vitundu vilivyojaa maji, maji yakageuka mvuke yakakosa pa kutokea.

Huna haja ya kubomoa yote. Ukuta wa nje na chumba cha nyama, ambako joto halizidi 150, viache. Chumba cha moto kivishe ndani matofali ya udongo ya kuchoma, unene wa sentimita 11, ukiacha mwanya wa sentimita 2 kati yake na jiwe, ujaze jivu kavu. Matofali yaunge kwa udongo wa mfinyanzi sehemu moja na mchanga sehemu mbili, viungo vyembamba vya nusu sentimita. Saruji ya kawaida hupoteza nguvu ikipita nyuzi 300 hivi, basi isikaribie moto. Mchanga wa ufukweni nao usitumie: una chumvi na chengechenge za kombe ambazo zitakurudisha kwenye chokaa ileile. Mchanga wa mtoni, kama wa Sabaki, ndio wenyewe. Acha likauke wiki mbili, kisha moto mdogo wa nusu saa kila siku kwa siku nne kabla ya moto wa kazi. Ule unga mweupe ufagie ukiwa umefunika macho na pua, na usiuoshe kwa mikono mitupu, unachoma.

Kama kusudio ni samaki wengi kwa pamoja, fikiria jiko la Chorkor, lililopewa jina la mtaa wa wavuvi huko Accra, Ghana. Ni kisanduku kifupi cha udongo au matofali chenye midomo miwili ya kuni, na juu yake hupangwa chanja za mbao zenye wavu, moja juu ya nyingine, hadi chanja zenyewe zinakuwa dohani. Chanja za chini zikiiva unazipandisha juu.

Asubuhi jiko langu linakaa nyuzi 115 bila kuguswa. Ikifika saa nane mchana linapanda hadi 160 na kuku wanaungua, na koki sijaigusa. (Msomaji, Barani, Malindi)

Koki hukuigusa wewe, imeguswa na upepo. Mchana upepo wa bahari unapata nguvu, na tundu lako bila shaka linatazama baharini, kwa hiyo unavuviwa moto kwa mvukuto. Kwa bahati Malindi jambo hili ni rahisi: kusi hutoka kusini-mashariki, kaskazi hutoka kaskazini-mashariki, zote mbili zikitokea upande wa maji. Zungusha pipa koki itazame bara, nawe umemaliza mwaka mzima. Kama haiwezekani, funga kiwiko cha bomba kitazame chini, au weka kinga ya bati mita moja kutoka kwenye jiko. Kinga ya makuti usithubutu.

Kisha pima uvujaji. Siku usiyopika, washa moto, ufunge koki na vizibo vyote. Joto likiwa halijaanza kushuka baada ya nusu saa, kuna hewa inayoingia kwingine, na mara nyingi ni mfuniko. Kwa siku moja waweza kuziba kwa kinyunga cha unga wa ngano kama unavyofanya sufuria ya biriani. Kwa kudumu, kamba ya fibaglasi ya milango ya tanuri.

Joto likishapanda, usifunue mfuniko ili lipoe. Kufunua ni kuyapa makaa hewa, na ukirudisha utakuta moto umekuwa mkubwa zaidi. Funga koki kabisa dakika 10 hadi 15, ifungue robo.

Nina friji mbovu. Je, naweza kuigeuza jiko la moshi? (Msomaji, Watamu)

Hapana. Friji za sasa ndani ni plastiki na sponji, vyote huyeyuka na kutoa sumu kabla nyama haijaiva. Waya za rafu zake nazo usizichukue kuchomea. Baadhi ya zile za zamani zimepakwa kadimiamu. Na popote utakapoiweka friji hiyo, ng'oa mlango, watoto wasije wakajifungia.

Nauza jodari na nguru wa moshi. Juzi wateja wawili waliwashwa na kuwa wekundu usoni nusu saa baada ya kula jodari, na aliiva barabara. Pia wageni wananiuliza suli-suli laini wa moshi kama wa hotelini. Nitampataje? (Dada, Ngomeni)

Dada, jodari huyo aliharibika kabla hajafika kwako, au akiwa uani kwako akingoja kuoshwa. Jodari, sehewa, vibua na nguru wakikaa kwenye joto, bakteria hutengeneza ndani ya nyama yao kitu kinachoitwa histamini. Kupika hakuiondoi, moshi hauiondoi, kugandisha hakuiondoi, na mara nyingi samaki hanuki. Dawa ni barafu tangu chomboni: kilo moja ya barafu kwa kilo moja ya samaki, matumbo na matamvua yatolewe mapema, na nyama isizidi nyuzi 4 hadi siku ya kazi. Mvuvi asiyebeba barafu, jodari wake usimnunue hata akikupunguzia nusu bei. Na mteja akianza kupumua kwa shida, apelekwe hospitali papo hapo.

Utayarishaji wenyewe: vipande vya nguru vyenye unene wa sentimita 2.5 viweke kwenye maji ya chumvi, gramu 80 kwa lita, saa moja, ndani ya barafu au friji. Pima chumvi kwa mizani, maana chumvi ya mawe ya Gongoni na chumvi laini ya pakiti hazilingani kwa kijiko. Suuza haraka, panga juu ya wavu, washa feni kwa saa moja au mbili mpaka uso wa samaki ung'ae na usishike kidole sana. Hatua hii ndiyo inayorukwa, na unyevu wa pwani unaifanya iwe ndefu. Samaki mwenye maji juu hupata madoa na ladha ya lami. Anza nyuzi 60 kwa dakika 40, kisha panda hadi 100 au 110. Katikati ya kipande pafike 63 na pakae hapo nusu saa. Akipoa, friji, na aliwe ndani ya siku tatu nne. Usimfunge kwenye mfuko usio na hewa ukamwacha mezani: sumu ya botulini hupenda mahali hasa kama hapo.

Suli-suli wa hotelini hapikwi. Hutiwa chumvi na kupitishiwa moshi baridi chini ya nyuzi 30 kwa saa nyingi, ndani ya chumba cha kupoza. Kaskazi ikiwa imeshika, hewa ya Ngomeni yenyewe mchana inapita 30 kabla hujawasha hata kiberiti. Bila chumba cha baridi, usiingie biashara hiyo. Uza suli-suli wa moshi moto, ukimwita kwa jina lake.

Nyumba yetu iko mji wa kale, kiwanda, yaani ua wa ndani, ni kidogo. Naweza kuweka jiko darini chini ya banda la makuti? (Msomaji, Mkomani, Lamu)

Chini ya makuti, la. Cheche moja wakati wa kumwaga jivu, na vichochoro vya Lamu havipitishi gari la zimamoto. Kiwandani kilichozungukwa na kuta nne pia hapafai, kwa sababu makaa yanayofukuta hutoa gesi ya sumu, kaboni monoksidi, isiyo na harufu, nayo hutambaa hadi vyumbani. Darini kulikowazi kabisa, juu ya matofali, ndoo ya mchanga pembeni, inawezekana. Waulize kwanza majirani siku zao za kufua. Jivu likae kwenye ndoo ya bati yenye mfuniko siku mbili.

Nilipika kifua cha ng'ombe cha kilo 4. Saa ya nne kilifika nyuzi 68, kikakwama hapo saa tatu nzima. Nikaongeza moto, kikatoka kikavu. (Msomaji, Witu)

Hakikukwama, kilikuwa kinatoka jasho. Kati ya nyuzi 65 na 75 maji yanayovukiza juu ya nyama huipoza sawa na jiko linavyoipasha, na sindano haisogei. Uso ukikauka itapanda yenyewe. Ukiwa na haraka, ngoja rangi iwe kahawia iliyokolea, kisha uifunge: majani ya mgomba yapitishe juu ya moto yalegee, tumia tabaka tatu, funga kwa ukambaa. Mvuke hautoki tena, joto linapanda. Jiko libaki 120, lisizidi 130. Toa ikifika 93 hadi 95, mshikaki ukiingia bila kukinza, uiache imefungwa ndani ya sanduku la barafu lisilo na barafu kwa saa moja, kisha ukate kukingama na nyuzi za nyama.

Ila tukuambie ukweli kuhusu ng'ombe wenu. Kifua cha ng'ombe wa malisho ya Tana hakina mafuta ya kuvumilia saa kumi za moto. Mwambie muuza nyama akuwekee nundu. Mafuta yake yamechanganyika na nyama, huyeyuka taratibu na kuilainisha, na Wabrazili, ambao ng'ombe wao wengi nao wana nundu, huipika kwa moto mdogo saa nyingi na kuithamini sana. Kilo 2 za nundu, saa saba kwa nyuzi 115, chumvi gramu 15 kwa kilo na pilipili manga.

Kutu inakula jiko langu. (Msomaji, Kizingitini)

Jivu linanyonya unyevu na chumvi ya hewani, na uji huo ndio unaotoboa chini. Litoe kila baada ya kupika, jiko likiwa limepoa, usilale nalo. Inua pipa juu ya matofali matatu, paka mafuta ndani likiwa bado na uvuguvugu, na bolti zako ziwe za chuma kisichoshika kutu. Rangi ya nje iwe ya kustahimili joto, tabaka mbili. Ya kawaida itababuka siku ya kwanza. Turubai lifunike tu likiwa baridi kabisa, na lisiguse ardhi.